Mashine Zote Isipokuwa Dampa

Vijana wa hapa Kibomet, Kitale, mna tabia moja inayonichekesha. Kitu chochote cha manjano kikipita barabarani kikinguruma, mnakiita tingatinga. Greda ni tingatinga, shaveli ni tingatinga, hata rola, masikini, ambayo haisukumi wala haichimbi, nayo ni tingatinga. Tangu barabara ya hapa nyuma ianze kupanuliwa mmekuwa mkija kuegemea ua wangu, na mliposikia kwamba hii ndiyo ilikuwa kazi yangu, maswali hayajaisha. Nimeamua kuwaandikia majibu, kwa sababu nikikaa kitini kuwaeleza sifiki mbali. Naanza sentensi, nasikia injini huko nje imebadilisha sauti, nainuka kuangalia. Mke wangu anasema hata nikizikwa nitaomba kaburi lenye dirisha.

Swali mnalopenda ni hili: "Mzee, umeendesha zote?"

Nimeendesha zote isipokuwa moja. Sijawahi kukalia lile dampa kubwa la mgodini, lori la kumwagia mawe, lile ambalo tairi lake peke yake linampita mtu mrefu, na dereva anapanda ngazi kama anayekwenda ghorofani. Nililitaka kuliko kitu chochote. Nafasi niliipata, safari ikapangwa, begi likafungwa, na sikuenda. Nitawaeleza kwa nini, lakini mnivumilie, maana mimi si mtu wa kwenda moja kwa moja.

Shule niliiacha kwa sababu ya greda. Tulikuwa tunasoma upande wa Lugulu, na mwalimu alikuwa ubaoni na desimali zake, greda ikapita nje. Ilikuwa inakwenda polepole, mwili mrefu kama panzi, bledi, ule upanga wake mpana, iko chini ya tumbo, na nyuma yake barabara inatoka laini kama ugali uliopigwa mwiko na mtu anayejua. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani. Sikurudi. Niliifuata ile greda mpaka jua likaanza kushuka, na dereva alipoona simwachi, akasimama.

"Wewe, kwenu ni wapi?"

"Nyuma."

"Basi rudi nyuma."

"Nataka kujua hiyo bledi inainama namna gani."

Akanitazama, akacheka, akanionyesha. Baba alikuja kunichukua mara nyingi kabla hajachoka. Siwaambii muache shule. Mashine za siku hizi zina skrini, na skrini inataka mtu anayesoma. Nawaambia tu ilivyokuwa: nilitaka kujua kitu kinafanyaje kazi, na nikishajua, nataka kujua kile cha pili. Ndiyo maana sikukaa mahali. Kitale, Bungoma, Webuye, Kapenguria, nimelala kwenye makontena na mabanda ya kila aina.

Sasa, hizi mashine. Buldoza inasukuma. Ina cheni badala ya magurudumu, haina haraka, na ukiipa mlima inauliza tu uanzie wapi. Shaveli ina magurudumu na baketi mbele, inachota na kupakia. Hiyo niliifanyia kazi kwenye machimbo ya mawe chini ya Mlima Elgon, na ndipo nilipojifunza kwamba lori halipakiwi upande mmoja kwanza, labda kama unataka kumfundisha dereva wake kuomba. Ekskaveta ina mkono, na mwili wake unazunguka juu ya cheni, kwa hiyo ni mashine ya mtu mwenye subira. Greda ni ya mwisho, ya kusawazisha. Haiendeshwi kwa macho. Inaendeshwa kwa makalio. Ardhi ikiwa na wimbi dogo, kiti kinakwambia kabla ya jicho, na mtu anayeweka mto mnene kwenye kiti cha greda hawezi kutengeneza barabara. Nimeona mmoja Webuye. Alikuwa na mto wenye maua, na barabara yake ilikuwa na matuta kama mgongo wa ngamia.

Rola sikuiweza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, pale pale. Yule aliyenifundisha alikuwa akisinzia juu yake na inakwenda vizuri tu. Mimi baada ya siku chache nilianza kuota naipiga pasi shati moja maisha yangu yote. Nikaaga.

Aliyenifundisha ekskaveta ni Mutiso, Mkamba mmoja mfupi aliyekuja Bungoma akiwa kijana na hakurudi kwao ila kwa sikukuu. Mutiso aliweza kung'oa kisiki cha mkaratusi bila kuzigusa sukuma wiki za mtu zilizopandwa pembeni. Alikuwa na kanuni zake. Kabla ya kuwasha mashine anaizunguka kwa miguu, anapapasa kila paipu ya mafuta kama mganga anayetafuta uvimbe. Akiwa kazini haongei. Dirisha la upande wake liko wazi daima, hata mvua ikinyesha, kwa sababu alisema ardhi inayokaribia kukatika hutoa sauti na yeye anataka kuisikia. Mimi aliniita Kiguu.

"Kiguu, wewe mikono yako ni mizuri," aliniambia siku moja. "Shida ni miguu. Mikono inafanya kazi hapa, miguu iko Lodwar."

Sikukasirika. Ilikuwa kweli.

Basi ilikuwa huko Sirisia, mwezi wa nane, mwaka wa tohara. Nyinyi wa Bungoma mnajua, na wa Kitale muulize wenzenu: kwetu Wabukusu tohara ni kila baada ya miaka miwili, na mwezi ule njuga za watoto wanaozunguka kualika jamaa zinasikika kila kilima. Sisi tulikuwa tunatengeneza barabara ya kuelekea kwenye daraja dogo, na Mutiso alikuwa anachimba mtaro kando ya kijito ili maji ya mvua yasile tuta. Mimi nilikuwa na buldoza.

Siku ninayosema ilikuwa ndiyo siku yangu ya mwisho pale. Lobedi, lile lori refu la chini la kubebea mashine, lilikuwa limekuja kuchukua rola. Jioni lingeondoka kupitia Kitale kwenda kaskazini kwenye mgodi, na mgodini walikuwa wanatafuta waendeshaji wa dampa. Dereva wa lobedi alikuwa rafiki yangu, alikuwa amenisemea kwa mkubwa wa huko. Sharti lilikuwa moja: nifike na lobedi, kwa sababu asubuhi wanapanga watu, na atakayekosekana nafasi yake inapewa mwingine. Begi langu lilikuwa tayari kwenye kebini ya lile lori tangu asubuhi. Nilikuwa nasukuma udongo lakini sikuwepo.

Baada ya chakula cha mchana mawingu yalianza kukusanyika upande wa mlima. Foreman, msimamizi wetu, akamwambia Mutiso aitoe ekskaveta ukingoni, aiweke mahali salama, kijito kisije kikajaa. Mutiso akaangalia huku na huku, akaona mahali pazuri. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, njia pana imesafishwa kushuka mpaka kando ya maji, na mwisho wa njia pana uwanja mdogo, tambarare, umekauka juu. Alifikiri vibarua wetu ndio waliomtayarishia. Akaingia.

Ncha za mbele za cheni zilipita. Kisha ule uwanja ukafunguka kama uji wenye ngozi juu, na mashine ikakaa mpaka tumboni.

Nilisikia makelele nikiwa juu ya tuta, nikashuka mbio. Watu walikuwa wameshafika. Mbele yao alikuwa Makokha, fundi wa baiskeli pale sokoni, ambaye mwezi wa nane ndiye anayechimba matope na kuwapaka watoto wa ukoo wake kabla hawajapelekwa uani kutahiriwa. Hakuwa mzee. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa jezi ya mpira, na alikuwa na panga bado mkononi, lile alilofyekea.

"Nani amewaambia muweke gari hapa?" akauliza.

"Nimeona pamefyekwa," Mutiso akajibu kutoka dirishani.

"Pamefyekwa kwa sababu ya mtoto. Si kwa sababu ya gari."

Mutiso akazima injini. Mimi nilikuwa nimeelewa nilipoona tu ile njia. Yeye Mkamba, angejuaje kwamba pale pamekuwa pakichimbwa na kujaa, kuchimbwa na kujaa, tangu babu zao? Ndiyo maana chini palikuwa laini.

Foreman akajaribu. "Si mchukue matope pale mbele? Mto si ni huu huu?"

"Pale mbele ni kwa watu wengine," Makokha akasema, "na wao wako na mtoto wao kesho. Huyu wetu baba yake alipakwa hapa, babu yake hapa. Unataka tumpake kwa nani? Ama tungoje miaka mbili? Ameshazunguka na njuga mpaka kwa wajomba huko Chwele. Watu wamekuja. Pombe ya busaa imeiva. Wewe ndiye utawarudisha?"

Foreman akarudi nyuma hatua moja.

"Na nisikilize," Makokha akaendelea, sasa akimtazama Mutiso. "Hiyo mafuta yenu ikimwagika hapa, hata tone, hatuchoti. Hiyo matope inaenda kwa mwili ya mtoto, na baadaye inakuja kisu. Itoeni, lakini itoeni safi."

Mtoto mwenyewe alikuwa ameshuka. Jina lake Barasa. Alikuwa na shanga kifuani, njuga mikononi amezishika zisilie, na miguu imejaa vumbi la kuzunguka. Aliiangalia ile mashine kwa muda.

"Kwa hivyo kesho ninapakwa wapi?" akauliza.

Makokha akamshika bega, akamsogeza mbali na ukingo.

Mimi nilikuwa na jibu rahisi. Nilimwambia Mutiso nilete buldoza, tufunge waya wa chuma, nivute mara moja, imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kutembea.

"Kiguu. Rudi." Alishuka, matope yakamfika magotini. "Ukivuta kwa nguvu utanitoa, ndiyo. Utanitoa bila paipu. Hapa chini pana visiki. Mafuta yote yanabaki hapa."

"Sasa tutafanyaje?"

"Polepole."

"Lobedi inaondoka jioni."

"Najua. Niliona begi lako asubuhi."

Hili lifuatalo lishikeni, mkiwa na nia na kazi hii. Ekskaveta iliyozama inajitoa yenyewe kwa mkono wake. Unaweka baketi chini pembeni ya cheni, unasukuma, upande mmoja unanyanyuka, matope yanaiachia kwa sauti ya busu. Watu wanaingiza magogo chini ya cheni. Unashusha. Unageukia upande wa pili. Ukimaliza, mashine imesimama juu ya magogo, inatembea hatua ndogo, kisha magogo ya nyuma yanatolewa na kupelekwa mbele. Lakini wakati imenyanyuliwa upande, inaweza kuteleza. Upande wa pili wa Mutiso kulikuwa na kijito, tena pale penye kina. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kuishikilia kutoka kwenye ardhi ngumu. Kitu hicho ni buldoza na waya. Haivuti. Inashika tu. Waya ukilegea, mashine inateleza majini. Waya ukistuka, inaruka kutoka kwenye magogo. Na waya wa namna hiyo ukikatika unampita mtu kama uzi unaokata sabuni, kwa hiyo fukuzeni kila mtu aliye upande wa waya, hata akiwa chifu.

Magogo hatukuwa nayo. Mama Barasa, mama wa mtoto, alikuwa amesimama pale na kanga kiunoni, akasema, "Chukueni miti ya kibanda cha wageni."

Wanaume wakamgeukia. Kile kibanda walikuwa wamekijenga siku kadhaa, nguzo za mkaratusi na turubai juu.

"Wageni watakaa wapi?" mmoja akauliza.

"Watasimama. Si mtoto wangu ndiye anasimama?"

Wakaenda kukibomoa.

Nikapanda buldoza. Nikarudisha nyuma mpaka nilipoona muramu mgumu, ule udongo mwekundu wa changarawe, tukafunga waya, nikasogea mbele mpaka ukanyooka, nikashusha bledi ikauma ardhi. Mutiso akatoa mkono wake dirishani. Kiganja wazi maana yake tulia. Kidole kimoja maana yake sogea kidogo, kidogo sana, upana wa mkono. Tulikubaliana hivyo tu.

Sijui kama mnaelewa nilichopewa. Mimi, ambaye rola ilinishinda, nikae juu ya mashine inayonguruma na nisifanye kitu. Nigeuze shingo, niangalie kiganja cha mtu. Mguu uko kwenye breki na unataka kuondoka. Mbu anaingia sikioni na siwezi kumpiga. Kidole, nanyanyua bledi, nasogea, nashusha. Kiganja. Kiganja. Wanaume wako matopeni mpaka kiunoni wanaingiza nguzo, Makokha mbele yao na jezi yake, wanataniana.

"We Makokha, kesho si utapaka mtoto, wewe mwenyewe umeshapakwa."

"Ngariba asikose njia akaja kwangu."

Waya ulikuwa unalia. Mvua ilikuwa imeanguka huko mlimani na kijito kilianza kubadilika rangi.

Mashine ilikuwa imefika nusu ya njia, upande mmoja juu, upande mwingine umeinamia maji, niliposikia honi ya lobedi juu barabarani. Honi ndefu. Kisha kimya. Kisha dereva mwenyewe akatembea mpaka ukingo wa tuta, akaweka mikono mdomoni.

"Kiguu! Tunaenda ama hatuendi?"

Mutiso alisikia. Najua alisikia, dirisha lake lilikuwa wazi kama kawaida. Hakunigeukia. Kiganja chake kilibaki pale nje, wazi, vidole pamoja, hakikutikisika.

Niliona lile dampa. Nawaambia kweli, nililiona, ngazi yake, tairi lake, mimi juu. Nikaangalia foreman, ambaye hakuwa amewahi kuendesha hata trekta. Nikaangalia kama kuna mwingine yeyote. Hakukuwa na mtu. Hata mkono wa kumpungia rafiki yangu sikuweza kuunyanyua. Akangoja kidogo, akatingisha kichwa, akarudi. Nikasikia injini ya lobedi ikipanda kilima, gia moja, gia nyingine, mpaka ikawa kama nzi, mpaka ikawa si kitu. Waya ulikuwa umenyooka vilevile.

Mutiso akatoa kidole. Nikasogea upana wa mkono.

Ekskaveta ilifika kwenye ardhi ngumu giza likianza kuingia. Hakuna aliyeshangilia. Wote walimwangalia Makokha. Alirudi pale shimoni, akapiga magoti, akachota matope, akayanusa. Akajipaka mkononi, akasugua, akanusa tena. Akayaangalia maji yaliyokuwa yakijikusanya pembeni kama yana ile rangi ya upinde inayoletwa na mafuta. Mutiso alikuwa amevua kofia.

"Iko sawa," Makokha akasema. Kisha akacheka. "Mwaka huu jembe limepumzika. Gari imechimba yote."

Mutiso akaja akakaa karibu nami kwenye cheni ya buldoza.

"Lobedi imeenda," akasema.

"Nimesikia."

"Ungeniacha, ningeelewa."

"Ungeelewa ukiwa ndani ya maji."

Akacheka mpaka akakohoa.

Mama Barasa hakuturuhusu kuondoka. Tulilala hapo nyumbani, na kulipopambazuka Barasa alishushwa kijitoni, Makokha akampaka matope mwili mzima, akampandikiza jani la nyasi utosini. Walipopanda kurudi walipita kando ya mashine zetu, yeye mbele, rangi ya udongo mtupu, macho tu ndiyo yanayoonekana. Nilimfuata mpaka uani. Wageni walikuwa wamesimama kwa sababu hapakuwa na kibanda. Akasimama pale katikati, mikono juu, akaangalia mbele. Hata kope hazikupepesa. Mjomba wake aliyetoka Chwele ndiye aliyelia.

Mimi mwenyewe niliwahi kusimama hivyo, kwetu, nikiwa mdogo. Tangu asubuhi yangu ile sidhani kama niliwahi kusimama mahali tena, mpaka jana yake juu ya buldoza.

Nilichukua pikipiki mpaka Kitale kujaribu kama nafasi bado ipo. Nikampigia rafiki yangu simu nikiwa stendi. Akaniambia nafasi imepewa mtu, pole, begi langu ameniachia hapo kwa mama mmoja wa chai. Nililifuata begi, nikanywa chai, nikaangalia magari ya Lodwar yakijaa watu. Kisha nikarudi Sirisia kumalizia ule mtaro. Tuliumaliza, tukapanda nyasi kwenye tuta. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyowahi kuiona ikiisha. Baada yake niliendelea kuhama kama zamani, msidhani niligeuka mtu mwingine. Lakini dampa sikulitafuta tena, na mkiniuliza kama linaniuma, nitasema linaniuma kila lori kubwa likipita.

Nilitaka kuwaandikia mengine, juu ya kupima muramu kwa kuuonja, na juu ya mafuta yanayoganda kwenye baridi ya Kapenguria. Ila sasa hivi nimesikia injini huko nje ikinguruma vibaya. Nimechungulia. Ekskaveta ya barabara imeingiza cheni moja kwenye mtaro, imeinama, na kijana anayeendesha shaveli anakuja nayo mbio, waya nyuma, ameshaanza kukanyaga pedali ya mafuta kabla waya haujafungwa.

Wacha nitoke. Nitasimama mahali atakaponiona, nimfungulie kiganja.